Elinah Hajamaliza

Katika ukoo wa mzee Maloba, pale Masinya, ng'ombe wa mahari hawakuingia zizini kabla msichana hajaulizwa mbele ya wageni: "Tuwapokee?" Mwaka wa pili baada ya uhuru ikafika zamu ya Elinah, na Elinah alikuwa kiziwi tangu surua ilipomshika akiwa na miaka minne.

"Huyu tutamruka," alisema mzee Maloba, kaka wa marehemu baba yake. "Hasikii, hasemi. Mimi nauliza ukuta?"

Loy, dada mkubwa wa Elinah, alikuwa amepiga magoti kwa heshima, lakini sauti yake haikupiga magoti. "Baba mkubwa, mikono yake inasema. Wasichana wote wa mji huu waliulizwa. Naye aulizwe."

Lugha ile ya mikono waliitunga wao wawili, jikoni na kisimani, kwa kuwa hapakuwa na shule ya kuwafundisha. Tangu hapo Loy alikuwa mdomo wa Elinah, zahanati, kanisani, hata sokoni Busia. Mara nyingi muuguzi alipouliza panapouma, Loy alijibu kabla hata hajamgeukia mdogo wake. Alidhani huko ndiko kumpenda.

"Haya, muulize," akasema mzee.

Wageni kutoka ng'ambo ya mpaka wakanyoosha shingo. Rasto, muuza chumvi aliyekuja kuposa, alikuwa akiizungusha kofia yake magotini. Loy akauliza kwa mikono. Mikono ya Elinah ikabaki mapajani. Mtu akakohoa. Mwingine akakohoa. Loy akaiona aibu inakuja kama mvua itokayo upande wa Tororo, akafungua kinywa.

"Amekubali."

Vigelegele vikapasuka. Lakini Elinah alikuwa akiitazama midomo ya dada yake, midomo aliyoisoma maisha yake yote. Akainuka, akaishika mikono ya Loy taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu. Kisha akaiachia, akasema kwa yake: Si mimi. Wewe.

Loy angeweza kutafsiri lolote alilotaka. Hapakuwa na mwingine pale aliyejua. Alisimama, vigelegele vikififia kimoja kimoja.

"Nimekosa," akasema. "Nimejibu mimi. Yeye bado."

Elinah akamgeukia Rasto. Safari hii Loy aliingoja mikono ile mpaka ikatulia, ndipo akasema: "Anakuuliza, Rasto. Kwenu, mimi nisipokuwepo, utaongea naye vipi?"

Rasto akasimama. "Najua maneno matatu tu. Nilikuwa nikiwachungulia sokoni." Akaonyesha maji. Akaonyesha njoo. La tatu lilikuwa jina la Elinah, kidole kinachogusa kovu la kidevuni. Yeye akakosea, akagusa shavu.

Elinah akacheka kwa sauti yake nzito, hata kuku wakashtuka.

"Maneno matatu!" Anjeline, mama yake Rasto, akapiga makofi. "Mwanangu, hata kasuku anakushinda!"

Elinah akasema tena, polepole, na Loy akamfuata neno kwa neno. "Anasema ng'ombe warudi. Rasto aje kila siku ya soko mpaka mtama uvunwe. Siku atakapoweza kumuuliza mwenyewe kwa mikono yake, naye atamjibu mwenyewe."

"Warudi?" Mzee Maloba akashika kichwa. "Ng'ombe waliotembea tangu alfajiri?"

"Njia wameshaijua, mzee," akasema Rasto. "Nitawaleta tena."

Elinah akamsogelea, akakishika kile kidole kilichopotea shavuni, akakishusha hadi kidevuni. Hapo. Kisha akaanza kumweleza jambo refu, Rasto akiitikia kwa kichwa bila kuelewa hata nusu, macho yakiwa hayabanduki mikononi mwake.

"Sasa anasema nini?" mzee Maloba akamnong'oneza Loy.

Loy alikuwa ameifumbata mikono yake mgongoni.

"Ngoja, baba mkubwa," akasema. "Hajamaliza."