Haluli ya Kifaa cha Bibi

Kifaa cha kusikia cha Bibi kilizama kwenye beseni la nguo, kikaibuka bubu. Na kesho yake asubuhi mdogo wake, aliyepasuliwa koo, angepiga simu kutoka hospitali. Ndiyo siku ya kwanza aliyoruhusiwa kuongea.

"Mtamsikiliza nyinyi, mtanisimulia," Bibi alisema, kwa sauti ya kuita mtaa mzima.

Dada yangu, ambaye hukariri kemia hata akichambua mchele, akatoa kopo kabatini. Chumvi ya haluli.

"Unataka kifaa kiharishe?" nikamuuliza.

"Haluli ni jina lake la nyumbani. Darasani ni MgSO₄·7H₂O. Hayo maji saba tukiyafukuza kwa moto, chumvi inabaki na kiu. Itafyonza unyevu popote."

"Si utumie magadi?"

"Magadi yatakula nyaya. Koroga, acha mdomo!"

Nikakoroga sufuriani, juu ya jiko. Chumvi ikayeyuka ndani ya maji yake yenyewe, ikatokota, ikakauka kama chokaa. Dada akawa anaishikia mfuniko wa kioo juu. Mfuniko ulipoacha kupata ukungu, akazima jiko. Ilipopoa tukaitwanga, tukaimimina koponi, tukakilaza kifaa humo, kimetolewa betri na kufungwa kitambaa chepesi.

Mimi nikapata uhuru. "Bibi, chai yako ya leo ilikuwa maji ya kusuuzia vikombe!"

"Ahsante, mume wangu," akatabasamu, macho yakifuata midomo yangu.

Akaitikia na Dada alipopiga chafya. Akaitikia hata mlango ulipojifunga. Nikaacha. Utani usiojibiwa hauna chumvi.

Asubuhi Dada alirudisha betri, akamvisha Bibi kifaa sikioni. Bibi akakaa, mikono mapajani. Dada akaanza kung'ata kucha. Mimi nikainama nyuma ya kiti, nikasema taratibu:

"Chai yako, Bibi, maji ya kusuuzia vikombe."

"Basi kuanzia leo jipikie."

Dada aliruka, akagonga kichwa kwenye kabati. Tulikuwa bado tunacheka simu ilipoita. Bibi akaidaka kabla hatujaigusa, akaibana sikioni kwa mikono miwili. Sauti ya babu yetu mdogo ilitoka nyembamba, imekwaruzika, mnong'ono mtupu:

"Dada... unanisikia?"

Machozi yakamshuka Bibi hadi kidevuni. Hakuyafuta.

"Punguza kelele," akamwambia. "Mimi si kiziwi."