Aproni ya Mama Molly

Kama ungetaka kujua Chepkurui alikuwa fundi wa namna gani, ungemtazama akichambua gunia la mbolea. Wengine waliona gunia tu. Yeye alivuta uzi mmoja mmoja mpaka upindo wa sketi ukabaki na vishada vinavyocheza ukitembea. Juu akafuma kizibao cha pakiti za maziwa, kola akaipamba kwa vizibo vya soda. Yote kwa mkono, kwa sindano ya magunia, hadi vidole vikajaa matundu kama chujio la chai. Ndiyo maana aliyatamani yale mashindano ya mitindo kupita kiasi: shule itakayoshinda ingepewa cherehani, na klabu yao ya ushonaji pale Kimulot haikuwa nayo hata moja.

Sheria ilikuwa moja, tena kali: kila kitu kwenye vazi kiwe kimetupwa na mwenye nacho.

Mvaaji alikuwa rafiki yake Molly. Huyo Molly ana mwendo. Akipita sokoni, hata wauza viazi husahau bei. Siku ya mashindano mwendo huo ulimponza. Alipokuwa akilijaribu gauni nje ya ukumbi wa shule, aligeuka kwa madaha karibu na ua, na seng'enge ikaidaka sketi. Ikachanika kutoka kiunoni hadi gotini.

"Aki Chep, nimetumaliza," Molly akasema, machozi yakimlenga.

Magunia yalikuwa yamekwisha, na huku kwenye mashamba ya chai gunia zima halitupwi. Hutumika mpaka lisahau jina lake. Ikawa bahati kwamba mama yake Molly, Syprose, alikuwa ametoka kuchuma chai akaja moja kwa moja kumwona bintiye. Bado alikuwa amejifunga aproni yake, ile nailoni nzito inayomkinga mchumaji na umande wa majani. Hakuuliza maswali. Aliifungua kiunoni, akampa Chepkurui.

"Shika, nyathina, shika mwanangu. Ziba hapo."

Chepkurui akaziba. Kwa ile furaha ya kuokolewa, sheria ilimtoka kabisa kichwani.

Mwamuzi alikuwa Bi Nyamusi, mshonaji wa miaka mingi kutoka Sotik, na hakuwa mtu wa kutazama kwa mbali. Alishika kila vazi, akageuza upande wa ndani. Alipofika kwa Molly alitulia, akapitisha kidole kwenye vishada, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kisha kidole kikafika kwenye aproni, kikatoka na unyevu.

"Hii bado iko na umande. Nani alitupa hii?"

Chepkurui angesema tu kwamba ameiokota mtaroni, na nani angebisha? Aliiona cherehani pale mezani, nyeusi, inang'aa.

"Haijatupwa, madam. Ni ya Mama Molly. Amevua leo."

Ukumbi ukaguna.

"Basi itoke," Bi Nyamusi akasema. "Isipotoka, mtatoka nyinyi."

Chepkurui akachukua wembe, akaukata mshono wake mwenyewe mbele ya watu, huku Molly akiishikilia sketi isifunguke. Ilimuuma kuliko zile sindano zote. Akaipeleka aproni kwa mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Syprose aliipokea, akaitazama, akainuka. Alitembea bila haraka mpaka kwenye pipa la taka mlangoni, akaitumbukiza humo.

"Mimi nimetupa. Wote mmeona?"

Watu wakaangua kicheko. Bi Nyamusi peke yake hakucheka.

"Na Jumatatu utachuma na nini, mama?"

"Jumatatu ni yangu, madam. Leo ni ya watoto."

Bi Nyamusi akamgeukia Chepkurui.

"Sasa wewe unangoja nini? Okota!"

Alishona palepale, amepiga magoti miguuni pa Molly, na hakuna aliyechoka kungoja. Wazazi wa nyuma walipanda juu ya viti waone jinsi sindano kubwa vile inavyoweza kupita kwa upole vile. Hata wanafunzi wa shule nyingine walimpigia makofi alipokata uzi. Molly alipotembea hakuleta madaha yoyote. Alipita wima, mkono juu ya aproni ya mama yake. Cherehani ikabaki Kimulot.

Mwalimu mkuu alitaka gauni liwekwe kwenye kabati la vioo ofisini. Chepkurui akaomba alirekebishe kwanza, na Jumapili baada ya kanisa akaketi kwenye cherehani mpya. Jumatatu kabati lilipata kizibao na kola tu. Mwalimu mkuu aliguna, akaacha.

Sketi ilikuwa shambani. Chepkurui aliiona alipokuwa akienda shule, imekuwa aproni nzima kiunoni mwa Syprose, vishada vimelowa, mvaaji mkavu. Mchumaji wa safu ya pili alikuwa amesahau kazi kabisa.

"Mama Molly, hiyo umenunua wapi?"

"Kununua?" Syprose akacheka, mikono ikiendelea kuchuma. "Hii nilitupa. Watoto wakaniokotea."