Jina la Bibi Neain

Sorcha alikuwa akisahihisha insha za wanafunzi juu ya magoti, kwenye korido ya chuo, maana mwalimu anayelipwa kwa saa hapewi meza. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kumi na minne kati ya hiyo ilikwenda kwenye hadithi za kale za Ayalandi, na bado mkataba wake ulikuwa wa miezi tisa tisa; kiangazi kikifika, hana kazi, na kodi ya chumba haijui kiangazi. Siku hiyo alikuwa na usaili, saa tisa alasiri, wa kazi ya kudumu, ya kwanza kutangazwa kwa miaka sita.

Asubuhi hiyo simu ikalia. Ni mama yake, Nóra, kutoka kijijini Konemara, magharibi mwa nchi.

"Colm amesoma kitabu chako. Amepita hapa na mpini wa shoka, anaelekea kwa Bibi Neain. Wewe usije, mwanangu."

Sorcha alikwisha kusimama, insha zimemwagika sakafuni.

Kitabu kilikuwa na wiki mbili tu madukani. Ndani yake mlikuwa na kisa alichosimuliwa na Bibi Neain, mzee wa kijijini kwao, jikoni kwake, kinasa sauti kikiwa kando ya vikombe vya chai: jinsi mwaka 1961 baba yake Neain alivyogombea na jirani kipande cha ufuo cha kukatia mwani, akampiga beleshi la kichwa, akamfukia kwenye kinamasi, kisha akatangaza kwamba jirani kapanda meli kwenda Uingereza. Neain alikuwa na miaka tisa. Ndiye aliyeshika taa. Jirani huyo alikuwa babu yake Colm.

Ofisi ya chuo inayosimamia utafiti ilitaka jina la ukoo lifutwe, nalo likafutwa. Lakini kule Konemara jina la ukoo ni la polisi na posta. Nusu ya kijiji wanalo hilo hilo. Mtu anaitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Kitabuni akabaki Neain Mháirtín Tom, yaani Neain wa Máirtín wa Tom, na huyo yuko mmoja tu chini ya jua. Sorcha alilijua hilo, kazaliwa huko huko, na mama yake alimwonya mara mbili. Alipoeleza ofisini, karani alimjibu kwamba fomu haina nafasi ya majina ya namna hiyo. Kubishana kungekula miezi, na kitabu kisingetoka kabla ya maombi ya kazi kufungwa. Akanyamaza.

Aliendesha gari saa nzima. Kwa Bibi Neain, vioo vya madirisha vilikuwa vimelala vipande vipande uani. Jikoni, Peadar, mtoto wa Bibi Neain, aliyekuwa amemzuia Colm mlangoni muda wote huo, alikuwa sakafuni, sikio limechanika, akitemea meno kiganjani. Bibi mwenyewe alikaa kitini, akihesabu shanga za rozari yake. Colm kasimama mbele yake, anahema.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Umekuja kunasa sauti?"

"Colm, tafadhali, huyu alikuwa mtoto."

"Nyanya yangu aliwasha mshumaa dirishani kila Krismasi, miaka arobaini na mitatu, ili babu aione njia ya kurudi. Na huyu alikuwa anakuja kula keki kwetu, anautazama." Akaukaza mpini mkononi. "Mimi nimeyasoma dukani, nimesimama na maziwa mkononi. Hukuweza hata kubisha hodi?"

Mpini ukapanda juu ya kichwa cha bibi, Sorcha akaingiza mkono. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Pigo la pili lilimshukia begani. Peadar alijivuta sakafuni, akashika chuma cha kuchochea moto, akampiga Colm gotini, akampiga tena, na hakuacha hata Colm alipokuwa chini akimwita mama yake.

Polisi walifika baada ya dakika hamsini. Kituo cha karibu kilikwisha kufungwa ili kupunguza matumizi ya serikali.

Nóra, aliyefika mbio kutoka nyumbani, alimfunga Sorcha mkono uliovunjika kwa aproni, akataka wakimbilie hospitali. Sorcha alitazama saa, akaomba apelekwe chuoni kwanza. Mama aliendesha, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

Habari zilikuwa zimeshafika redioni. Mwenyekiti wa jopo la usaili alimpa pole, kisha akamsogezea ile fomu ya ofisi ya utafiti: jina la ukoo limeondolewa, saini ipo, kwa hiyo chuo hakina lawama. Tena, aliongeza kwa upole, mwalimu wa saa si mwajiriwa wa chuo. Mjumbe mmoja wa kike akasema kitabu kinaulizwa mno tangu mchana, na wachapishaji wanataka cha pili.

"Orodha yako inaonyesha una rekodi arobaini na moja za wazee," alisema mwenyekiti. "Ukizikabidhi, sioni kwa nini kazi hii isiwe yako."

Sorcha aliwaona kichwani wote arobaini na mmoja, kila mmoja na baba yake na babu yake.

"Sina rekodi," alisema.

"Zimeandikwa hapa, kwa mkono wako."

"Basi andikeni kwamba hazipo."

"Dokta, fikiri vizuri. Nafasi kama hii hutaiona tena."

Sorcha akainuka. Aliwaomba wamfungulie mlango, maana mkono wa kulia haukuweza kushika kitasa, na wa kushoto ulikuwa umeushikilia wa kulia. Wakatazamana, nani ainuke.