Kifungo cha Koti la Babu

Mjukuu wa fundi cherehani alikuwa na mtihani wa takwimu kesho yake, na akifeli tena chuo cha uuguzi kingemfukuza. Bibi yake alisukuma cherehani kando, akampa kopo lenye vifungo tisa vyeupe na kimoja cheusi, cha koti la marehemu babu.

"Nachomoa bila kuangalia, kisha narudisha," binti alieleza. "Uwezekano wa cheusi ni moja ya kumi, kila mara upya. Kifungo hakikumbuki kilichopita."

Akachomoa cheusi. Akarudisha, akalitikisa kopo, akachomoa. Cheusi tena, na sasa kilikuwa na joto, kama kimetoka kifuani mwa mtu.

"Unachungulia, wewe mke mwenzangu!" bibi alimtania.

"Sichungulii! Nikirudia sana, hesabu itakaa sawa."

Alirudia mpaka kiganja kikalowa jasho. Cheupe hakikutoka hata kimoja.

Bibi aliacha kucheka. Alikichukua kile cheusi, akakishona kwa uzi maradufu kwenye gauni lake, kifuani, akakata uzi kwa meno. "Haya, kopo lina vyeupe vitupu. Uwezekano wa cheusi?"

"Sifuri," binti alinong'ona, akaingiza mkono.

Kikatoka cheusi. Kifuani mwa bibi ulibaki uzi tu, na fundo lake bado limekaza.

Binti alianza kulia. "Sasa kesho niandike nini?"

"Andika moja ya kumi, mama," bibi alisema, akilibana kopo kwa mikono miwili. "Msahihishaji hamjui babu yako."