Majibu Yako: Hasi

Jumatatu, tarehe nane Juni, saa nne na dakika kumi asubuhi, simu ya fundi vigae ililia mara moja mfukoni, na mambo yake yote yakaenda upande. Saa anaikumbuka kwa sababu saruji aliyokuwa ameikoroga iliganda ndani ya ndoo huku yeye amesimama katikati ya bafu la watu, magoti meupe kwa vumbi, akiusoma ujumbe wa maneno machache kana kwamba ni kitabu kizima.

"Majibu yako: HASI. Fuata maelekezo uliyopewa."

Hakuwa na haja ya kuambiwa majibu ya nini. Ijumaa iliyotangulia yeye na wenzake wa chumbani walikuwa wamepanga foleni ubalozini, wakachokonolewa pua kwa kijiti mpaka machozi yakawatoka. Mipaka ilikuwa imefungwa tangu Machi. Sasa ilipatikana ndege moja ya kuwarudisha watu kwao, inaondoka Jumatano, na jina lake lilikuwemo. Kilichobaki kilikuwa kipimo tu.

Maelekezo nayo aliyakumbuka. Karatasi ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja wa wazima: fika uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, mzigo mmoja, barakoa. Upande wa pili wa wagonjwa: jifungie siku kumi na nne, usikaribie uwanja wa ndege.

Shule aliiachia darasa la nne, lakini neno hasi alilijua. Redioni walisema mtazamo hasi, tabia hasi, athari hasi. Kila penye hasi pana ubaya. Mtazamo chanya ndio mzuri, hilo hata mtoto analijua. Na huko alikokulia, dume la ng'ombe likishahasiwa, habari yake imekwisha. Halafu kulikuwa na kifua. Alikuwa anakohoa siku ya tatu. Vumbi la kukata vigae lilimkohoza miaka yote, lakini mwaka ule nani angeapa kwamba kikohozi chake ni cha vumbi?

Basi, anao. Hivyo ndivyo alivyoelewa, akakaa juu ya ukingo wa bafu.

Mtu akiwa na haki ya kukasirika aachwe akasirike. Yule aliyeuandika ujumbe alikuwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka, kiyoyozi kinampuliza kisogoni. Angepungukiwa nini kuandika "huna ugonjwa, njoo"? Lakini wakubwa hawaandiki ili waeleweke, wanaandika ili waonekane wamesoma. Hayo yote ni kweli, na fundi ameyasema mara nyingi. Kilichomshinda kusema ni kile alichofanya baada ya hapo.

Jioni, chumbani, rafiki yake fundi umeme aliingia akicheza. Walikuwa watu sita katika chumba chenye vitanda vya ghorofa, na fundi vigae walimwita Pimamaji, kwa sababu alikuwa hakubali kigae kilale upande hata unywele mmoja.

"Nimepita, Pimamaji! Jumatano nalala kwangu! Na wewe je?"

"Sijaletewa."

"Vipi hujaletewa na sote tumeletewa? Hebu lete hiyo simu."

"Nimesema sijaletewa. Unataka nikuchoree?"

Fundi umeme akarudi nyuma, mikono juu. "Haya, haya, kaka. Mbona unanijia juu?"

Hakuweza kumwonyesha. Wiki mbili kabla, chumba cha pili, mtu alikohoa usiku na asubuhi wakamtolea godoro nje. Pimamaji mwenyewe alikuwa mmoja wa waliolishika lile godoro. Alijua linavyobebwa. Kwa hiyo alinyamaza, na kesho yake akatunga maneno ambayo baadaye aliyarudia mpaka yakapata sauti ya ukweli: "Wamenikata jina. Wakubwa wamempa mtu wao nafasi yangu."

Maneno hayo yaliingia kama ufunguo kwenye kufuli yake. Hakuna aliyeyatilia shaka. Wenzake walilaani, wakapiga kitanda ngumi. Jumatano alfajiri fundi umeme alimkumbatia kwa mbali, viwiko vikigusana, akaondoka na begi lake. Saa moja kasorobo simu ikaita, namba ya ubalozi. Pimamaji akaitazama ikitetemeka juu ya godoro. Alidhani wanamtafuta wakamfungie kwenye kambi ya wagonjwa. Akaizima.

Huko uwanjani jina lake lilisomwa mara tatu. Wakaandika: hakufika.

Mkewe alikuwa anamngoja. Alikuwa na uvimbe tumboni, daktari alishasema upasuliwe, na yeye akasema hawezi kuingia kwenye chumba kile bila mumewe kukaa mlangoni. Alikuwa mwanamke wa kusoma, aliyefika kidato cha pili. Katika miaka yao yote ishirini na sita, barua, risiti, dawa, mkataba wa kazi, kila chenye maandishi kilipita mkononi mwake kwanza. Hata akiwa nchi za watu, fundi alikuwa anapiga picha karatasi na kumtumia: "Mama watoto, hapa wanasemaje?" Naye anajibu kwa sauti, polepole, bila kumcheka hata siku moja.

Jumatano ile alimwambia kwa simu kama alivyowaambia wengine.

"Wamekukata?" mkewe akauliza. "Kwa sababu gani, baba watoto?"

"Wakubwa wana sababu?"

"Basi nitakusubiri. Huu uvimbe haukimbii."

"Nenda kapasuliwe."

"Nimesema nakusubiri. Usinigombeze, simu inakula."

Uvimbe haukukimbia kweli. Ulikaa, ukakua, ukapasukia ndani tarehe kumi na tisa Septemba, na mazishi Pimamaji aliyaona kwenye simu ya mwenzake, picha ikikatika kila upepo unapovuma.

Ndege nyingine ilipatikana Novemba. Waliowahi kuandikwa "hakufika" waliwekwa mkiani mwa orodha. Alipimwa tena, safari hii majibu yakatolewa ukumbini papo hapo, na dada mmoja wa ubalozi akiyasoma moja moja.

"Hasi. Hongera, mzee."

"Hongera ya nini tena, mwanangu? Si ndiyo ninao?"

Dada akacheka nyuma ya barakoa. "Hasi maana yake hatukuona kitu. Wewe ni mzima. Chanya ndiyo mbaya."

"Tangu lini chanya ikawa mbaya?"

"Tangu mwanzo, mzee. Sogea, mwenzako apite."

Akasogea. Alitembea mpaka ukutani akasimama akiutazama, kama mtu anayekagua vigae. Vilikuwa vimepangwa vibaya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuliona kosa la fundi mwingine.

Ndani ya ndege walikaa mmoja mmoja, kiti kimoja wazi kati ya watu wawili, lakini midomo haikukaa mbalimbali. Watu walikuwa wameshikilia maneno miezi minane. Walituacha kama mizigo! Wao familia zao ziliondoka wiki ya kwanza! Mama mmoja, mpishi wa majumbani, akamgeukia.

"Na wewe, baba, ulikwama toka lini?"

"Machi."

"Mke hajambo?"

Angeweza kusema hajambo, au kujifanya amelala. Badala yake mdomo ukaenda wenyewe, kwenye njia uliyoizoea. "Amefariki. Nilikuwa kwenye ndege ya Juni. Wakanikata jina."

Mpishi akapiga makofi mapajani. "Jamani! Jamani, sikieni huku!"

Ikaanza kusafiri, kiti hadi kiti. Kabla chakula hakijaletwa, habari ilikuwa imefika mkia wa ndege, na huko nyuma ilikuwa imeshanona: sasa walimkata jina akiwa kwenye ngazi, mguu mmoja ndani. Mzee mmoja alipita kuelekea msalani akamshika bega. "Mungu anawaona, ndugu yangu." Mwingine akamletea mkate wake. Mhudumu akamletea blanketi la pili bila kuombwa.

Pimamaji alivuta barakoa mpaka chini ya macho. Chini yake uso ulikuwa unawaka. Alitaka kusimama aseme, jamani, mkate huu si wangu. Alihesabu viti vilivyokuwa mbele yake, akavihesabu tena, na ndege ikashuka akiwa bado anahesabu.

Nyumbani alikuta viti vimepangwa sebuleni kuzunguka ukuta, na katikati, kwenye meza ya kulia, shemeji yake. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hata orodha ya sokoni anaiandika na tarehe juu na sahihi chini. Alikuwa ameshatandaza karatasi nyeupe.

"Pole, shemeji. Kaa. Umekula? Vizuri. Sasa tunawaandikia."

"Kina nani?"

"Wote! Wizara, ubalozi, magazeti. Dada yangu hakufa kwa uvimbe, aliuawa na orodha. Lazima mtu mmoja huko juu asimame ajibu." Alifungua kalamu. "Nimekwisha anza. Mimi, mlalamikaji, jina, umri, kazi. Hapo ndipo nakuhitaji. Walikuandikia nini hasa? Nataka neno kwa neno. Ukikosea neno moja mawakili wao watakuchana."

Binti yake mkubwa, mshonaji, alikuwa amekaa mlangoni, tepu ya kupimia bado imemning'inia shingoni. Ndiye aliyemuuguza mama yake. Amekonda. Alimtazama baba yake kwa huruma, na huruma hiyo fundi hakuiweza. Ya wale wa kwenye ndege aliivumilia. Hii hapana.

"Andika," akasema.

"Naandika."

"Waliandika: majibu yako, hasi. Fuata maelekezo uliyopewa."

Kalamu ilikwenda mpaka neno la tatu, ikasimama. Shemeji aliinua miwani. "Hasi?"

"Hasi."

"Sasa shemeji, hasi si..." Alikuwa karani miaka thelathini. Anajua ushahidi unapogeuka kumtazama aliyeuleta. "Na jina? Walikukata lini?"

"Hawakunikata. Waliniita. Nilizima simu." Fundi aliongea akiitazama sakafu. "Nilidhani hasi ndio kuumwa. Nikawadanganya chumbani, nikamdanganya na yeye. Ndiyo hivyo."

Jikoni mtu alifunga bomba la maji, na ndipo ikasikika kwamba lilikuwa wazi.

Shemeji akaiweka kalamu chini, akaichukua tena. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa anatafuta mahali pa kumpitishia. "Hata hivyo kosa ni lao," akasema. "Unamwandikiaje fundi lugha ya maabara? Tutaibadilisha tu barua. Tutasema maneno hayakuwa wazi. Wewe siyo wa kwanza, nakuhakikishia. Hilo nalo ni kosa kubwa, shemeji. Wajibu!"

Fundi aliinua kichwa. Maneno hayo yalikuwa mlango uliofunguliwa kabisa, na alikuwa na hasira ya kutosha ya kupita humo na kuishi upande wa pili mpaka kufa kwake. Akafungua mdomo aseme, ndiyo, andika hivyo.

Binti yake akamtangulia. Hakupandisha sauti. Aliitoa tepu shingoni, akawa anaikunja kwenye vidole.

"Baba," akasema, "si kila kitu ulikuwa unamuuliza mama? Hilo neno moja, kwa nini hukumuuliza?"