Benchi la Dirishani

Tangu Kiranja azikwe, mkewe hakuwa amelia. Watu wakamsifu, eti mama huyu ana moyo wa chuma. Moyo wa chuma wapi! Ndani hakuwa na kitu, basi. Alikula akishikishwa kijiko, alilala akiambiwa alale, na habari yenyewe ya msiba hakuwahi kuitamka. Dada yake ndiye aliyepiga simu zote, shemeji zake wakapokea wageni. Hata kukaa alikuwa hakai. Akisogezewa kiti anasema asante, anabaki amesimama ukutani kama mgeni ndani ya nyumba yake.

Wakati huo ndipo waliosoma naye useremala walipomletea lao. Chuoni alikuwa msichana pekee darasani, wakambatiza Patasi, na benchi la kazi aligawana na huyo huyo Kiranja aliyekuja kumwoa. Kila mwaka darasa lao hurudi kwenye karakana ya chuo kuahidi mchango, na Kiranja ndiye aliyekuwa akiwasukuma watoe zaidi. Safari hii Kobe, mwenye duka la samani, alikuja na ombi.

"Shemeji, itisha majina wewe. Sisi wengine tutataniana tu na chuo hakitapata kitu. Ukifika benchi lenu, ruka."

"Sawa," akasema Patasi. Angeambiwa apande juu ya paa angesema sawa vilevile.

Kuitisha majina kwao kuna utaratibu wake, waliourithi kwa mwalimu wao. Jina la utani huitwa kwa kufuata mabenchi, kuanzia mlangoni. Aliyepo husema "nipo" na kutaja anachotoa: zana, mbao, misumari. Fedha hawataki kuzisikia, zina tabia ya kupotea njiani. Asiyekuja hujibiwa na mwenzake wa benchi, aseme kwa nini hayupo, kisha amtajie ahadi yake. Bila jibu, haliitwi jina lingine. Kiranja aliwahi kuwasubirisha mpaka mvua ikanyesha ikaisha, kwa ajili ya mtu mmoja aliyejitia hasikii.

Jumamosi hiyo mkuu wa chuo, mama mwenye haraka zake, hakuzungusha maneno. Wanafunzi wanapokezana randa moja, alisema. Zana za mkono zisipopatikana leo, muhula ujao karakana inafungwa, inakuwa stoo ya viti vya plastiki. Maseremala wakaguna. Afadhali angewatukana.

Patasi akasimama mbele, akaanza. Majina alikuwa nayo kichwani. Mwaka hadi mwaka mumewe aliyafanyia mazoezi bafuni, kwa mahadhi yake, hadi nyumba nzima ikayajua.

"Msumari."

"Nipo. Msasa, karatasi kadhaa."

"Domo."

"Nipo. Kopo la gundi. Dogo."

"Kobe."

"Nipo. Bawaba."

"Ngapi?"

"Jozi."

Watu wakacheka. Mtu ana duka la ghorofa, anatoa bawaba zisizotosha hata mlango mmoja wa maana! Mikono ya birika, wote hao. Mkuu wa chuo alikwishaanza kufunga mkoba wake. Patasi alimwona, akajua kwamba kazi ya mumewe inaishia hivi hivi mbele ya macho yake, na hakuumia hata kidogo. Ulimi ukaendelea wenyewe, kwa mahadhi yale yale.

"Kiranja."

Kicheko kikakatika. Kobe akainamisha kichwa. Patasi akasubiri, maana jina likiitwa husubiriwa. Aliangalia benchi la dirishani. Bado lilikuwa na mkwaruzo wa msumeno aliouacha Kiranja siku ya kwanza, alipokuwa akimwangalia yeye badala ya kuangalia ubao.

"Shemeji," Kobe akasema taratibu, "endelea tu."

"Hajajibiwa."

Hakuna aliyebisha. Utaratibu waliujua, na mwenzake wa benchi walimjua.

"Amekufa," akasema Patasi. "Alikuwa bafuni anafanya mazoezi. Akaita Kobe, akanyamaza. Mimi nikadhani anasubiri jibu, kama kawaida yake. Nikaendelea kupiga pasi."

Hilo hakuwa amemwambia hata dada yake.

"Ahadi yake," akasema tena, kwa sababu utaratibu ulikuwa haujaisha, "ni sanduku lake la zana. Lote, na randa zake."

Sanduku hilo lilikuwa chini ya kitanda. Shemeji zake walikuwa wameliomba, akakataa hata lisisogezwe wakati wa kufagia.

Kobe akasimama, akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Niite tena," akasema.

"Kobe."

"Nipo. Nipo, Patasi. Andika randa mpya kwa kila benchi. Na misumeno yake."

Nyuma yake Domo akanyoosha mkono, na yeye aitwe tena. Msumari naye. Mkuu wa chuo akaufungua mkoba, akatafuta kalamu. Patasi alitaka kuwaita kwa zamu, lakini kusimama kulimshinda.

"Naombeni kiti," akasema.

Chumba kizima cha mafundi wa viti kikainuka kwa pamoja. Kilichomfikia kwanza kilikuwa cha plastiki. Patasi akakaa, akalia.