Pezi la Sentimita Thelathini na Nne

Kocha alipiga magoti mchangani, akafungua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akaweka tone moja juu ya skrubu iliyoshika pezi la ubao wa mdogo wangu. Kisha akalipuliza likauke. Mtu mzima, mwenye kitambi na filimbi shingoni, anapuliza rangi ya kucha kama binti anayejiandaa kwenda harusini. Mbao sita zilikuwa zimelazwa kifudifudi ufukweni, mapezi yakiangalia juu, naye alizipitia moja moja: tone, puliza, tone, puliza. Tone likishakauka, hakuna aliyeruhusiwa kubadili pezi mpaka mashindano yaishe. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na mwenyewe aliuita wa kimataifa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa karakana, mikono imejaa vumbi la msasa, nikimtazama kwa dharau. Nasema dharau kwa sababu ndilo neno lake. Wapo watakaosema nilikuwa na wasiwasi, au uchungu. Hapana. Nilimdharau mtu yule tangu kwenye kandambili zake mpaka kwenye kofia, na siku hiyo nilikuwa na sababu mpya.

Kwa ambaye hajawahi kusimama juu ya ubao wa tanga, nieleze kidogo. Watu huliona tanga, kwa kuwa lina rangi na linapigwa picha. Pezi liko chini, nyuma, limezama, na hakuna anayelisifu. Lakini pezi ndilo linaloushika ubao usiteleze ubavu kama kipande cha sabuni bafuni. Upepo ukiwa mdogo, unataka pezi refu; linashika maji, linakunyanyua mapema, unaondoka wakati wenzako bado wanayumbayumba. Upepo ukiwa mkali, pezi lilelile linaunyanyua ubao kupita kiasi, pua inaelekea mawinguni, na wewe unaifuata. Hapo unataka fupi. Mtu mwepesi anataka fupi zaidi, maana hana uzito wa kuukandamiza ubao. Na penye magugu, kama ziwani kwetu, unataka pezi lililolala nyuma ili majani yateleze yapite zake. Si elimu ya mbinguni hiyo. Mwenye macho na miguu ataijua kwa msimu mmoja. Kocha alikuwa na misimu kumi na moja.

Badala ya kuijua, alikwenda semina ya siku tatu, akarudi na jedwali. Karatasi moja, imefunikwa plastiki, safu mbili: ukubwa wa tanga kushoto, urefu wa pezi kulia. Basi. Hapakuwa na safu ya upepo, wala ya uzito wa mtu, wala ya magugu. Tanga la mita tano na nusu, pezi la sentimita thelathini na nne, uwe mwembamba kama fagio au mnene kama pipa, maji yatulie au yachafuke. Alilibandika kwenye mlango wa stoo kwa kimo cha macho yake, na kwa kuwa alikuwa mfupi, sisi wengine tulilisoma tumeinama. Tangu hapo tulimwita Jedwali. Alidhani tunamsifu.

Mdogo wangu alikuwa na kilo hamsini na moja akiwa ameloa. Kwa miaka minne alikuwa kibarua wa kilabu, akifundisha watoto wa wageni kusimama juu ya mbao, na kila mvua zilipoanza na wageni kukatika, alirudi kiwanda cha sabuni kupanga miche kwenye maboksi. Alikichukia kiwanda kile. Alikuwa akirudi nyumbani vidole vimechubuka, anakaa mezani bila kusema neno, yeye ambaye kwa kawaida hakuwa na kituo cha maneno. Mwaka ule kilabu ilitangaza nafasi moja ya ualimu, ya kudumu, mvua au jua. Wangeshindana sita, kwa mbao za aina moja na matanga ya ukubwa mmoja, na wa kwanza angeajiriwa, Kocha akiridhia. Yeye alikuwa hodari kuliko wote. Silisemi hilo kwa udugu. Katika watu wote waliopita kwenye karakana yangu, ndiye pekee aliyeusikia ubao kwa nyayo.

Nilimtengenezea pezi. Kazi ya wiki mbili: nililichonga, nikalibana kwenye meno ya jiliwa, nikalipiga tupa na msasa mpaka ukingo wake ukawa mwembamba kama ncha ya jani. Sentimita ishirini na sita, limelala nyuma, ncha yake laini kidogo ili lipunguze nguvu lenyewe upepo ukizidi. Alilijaribu mchana mmoja wenye upepo mkali akarudi anacheka peke yake. Alisema ni kama limekuwa hapo siku zote. Nilijifanya sijali, nikaendelea kukoroga gundi, lakini nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwa kazi ya mikono yangu.

Kisha Jedwali akaliona. Akalipima kwa rula, akaenda mlangoni pa stoo, akarudi akitikisa kichwa. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba siku ya pili, wakati wa chakula, wafanyakazi wote wamekaa, mdogo wangu alikuja akaliweka lile pezi mbele yangu, kando ya sahani.

“Dada, Kocha amesomea,” akasema. “Wewe unakisia tu.”

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno ya mbele. Nililichukua pezi langu, nikalifunga kwenye kitambaa, nikalitia kwenye droo. Kwa wiki tatu baada ya hapo nilizungumza naye kwa adabu kubwa. Ndugu wakianza kuambiana “tafadhali” na “samahani”, ujue nyumba inaungua.

Sasa namwelewa zaidi. Nafasi ilikuwa mkononi mwa Kocha, na anayetaka kazi huwa hamkosoi anayeitoa. Lakini wakati ule sikutaka kuelewa; nilitaka aje aniombe radhi mbele ya sahani zilezile.

Mashindano yalipangwa kuanza saa nne asubuhi, upepo ukiwa bado mpole. Kwa saa nne, hata jedwali la Jedwali lilikuwa na haki yake. Saa mbovu nayo husema kweli mara mbili kwa siku. Ila kulikuwa na mgeni rasmi. Mgeni rasmi alifika saa sita kasoro, ameshikiwa mwavuli, na alipokaa ikabidi anywe soda, na alipomaliza soda ikabidi ahutubie. Alizungumza dakika arobaini kuhusu vijana na nidhamu. Mbao aliziita mitumbwi. Jedwali alikuwa nyuma yake akipiga makofi kila mgeni alipovuta pumzi, hata pale alipovuta pumzi ili akohoe.

Ziwa lile liko katikati ya vilima viwili, na kila mchana upepo hushuka pale katikati bila kubisha hodi. Saa saba ilipofika, bendera za kilabu zilikuwa zimenyooka, na maji yaliyokuwa laini asubuhi yalikuwa yameota meno meupe. Kutoka karakana nilisikia kamba zikigonga milingoti.

Mdogo wangu akaja. Alikuwa amevaa jaketi la kuokolea, nywele amezibana, uso umepauka.

Nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtanijua. Utaratibu ule wa kimataifa ulikuwa na mlango mmoja: pezi likiwa na ufa, fundi aliruhusiwa kukwangua rangi, kulitoa na kuweka jingine. Fundi nilikuwa mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua ishirini, kupitisha kidole kwenye pezi na kusema: hili lina ufa. Jedwali asingebisha, hakuweza kutofautisha ufa na mkwaruzo. Pezi la ishirini na sita lilikuwa kwenye droo, kwenye kitambaa chake, na bisibisi juu ya meza.

“Dada,” akasema, “upepo umegeuka. Hili la thelathini na nne nitaliweza kweli?”

Nilijua jibu. Tanga likikuzidi, unalifungua mikononi, upepo unapita. Pezi likikuzidi huna la kulifanya. Liko chini ya maji, nyuma ya miguu yako, linafanya linavyotaka. Nililijua jibu, na nilijua pia kwamba kule kuuliza ndiko kulikuwa radhi niliyoisubiri wiki tatu. Aliomba kwa namna pekee aliyoiweza. Lakini hakuomba mbele ya watu, na sahani hazikuwapo, na mimi nilitaka yote.

“Muulize Jedwali wako,” nikasema. “Si ndiye aliyesomea?”

Alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kisha akaenda, na kweli akamuuliza. Niliwaona kwa mbali. Jedwali alinyoosha mkono kuelekea mlango wa stoo, akampigapiga begani, akapuliza filimbi ya kuwaita majini.

Aliongoza. Hilo huwa napenda lijulikane. Mzunguko wa kwanza wote aliongoza, amening'inia kwenye tanga kama nguo kwenye kamba, ubao ukitaka kuruka na yeye akiukataza. Niliona kutoka ufukweni jinsi mguu wake wa nyuma ulivyokuwa ukitetemeka. Aliyemfuata alikuwa jamaa mmoja wa kilo tisini na nne, ambaye alikwenda taratibu kama kabati linalohamishwa. Uzito wake ulilikandamiza lile pezi likatulia.

Mzunguko wa pili, baada ya boya la pili, upepo ulishuka kutoka vilimani mara moja, wote. Ubao ulinyanyuka. Ulinyanyuka polepole kuliko mnavyodhani, pua juu, ubavu juu, mpaka nikaliona pezi lenyewe, jeusi, refu, liko hewani linadondosha maji. Kisha ukapinduka. Yeye akatupwa mbele, ila mguu mmoja haukutoka kwenye mkanda unaoushikilia ubaoni.

Naogopa kuandika kilichofuata, lakini nimeshafika hapa. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Haikudumu, ilikwisha kabla filimbi hazijalia. Lakini ilikuwa furaha safi, ya mtu aliyesema na ikawa. Hata methali ilinijia tayari mdomoni, ile tuliyofundishwa utotoni, ya asiyesikia la mkuu. Sikuitamka. Nilikuwa bado ninaionja pale boti ya uokoaji ilipomfikia, na aliyekuwa ndani ya boti akainua mikono miwili juu kuita machela.

Kano mbili za goti zilikuwa zimekatika. Daktari alisema atatembea, ila mambo ya kusimama juu ya ubao ayasahau. Alilisema hilo huku akijaza fomu.

Jamaa wa kilo tisini na nne alipata kazi. Jedwali alimtumia kama ushahidi: mnaona, alifuata jedwali, akashinda. Hakuna aliyemwambia lolote, hata mimi. Miaka miwili baadaye walimpandisha Jedwali cheo, wakampa ofisi yenye feni na msichana wa kumletea chai, na siku alipostaafu walimfanyia sherehe. Niliihudhuria. Nilikula keki yake na kumdharau kila tonge, lakini dharau ile ilikuwa haina ladha tena. Mpumbavu alifanya alichokijua. Alijua safu mbili, akazifuata zote mbili.

Kilabu bado niko. Watu wanatoka mbali kuja kuchongewa mapezi, na ninawahoji kama polisi: una kilo ngapi, unaendesha ubao wapi, upepo wa huko unaamka saa ngapi. Wengine hukasirika, wakasema wamekuja kununua pezi, hawakuja kuposa. Mdogo wangu alirudi kiwandani, mara hii mvua na jua. Walimpa kiti, kwa sababu ya goti. Jumapili huja nyumbani kwangu, tunakula, tunasengenya majirani. Ziwa hatulitaji.

Tuliwahi kulitaja mara moja tu, siku ya tatu baada ya ajali, wodini. Mama alikuwa ametoka kwenda kutafuta daftari la hospitali alilolisahau mapokezi. Mguu wa mdogo wangu ulikuwa juu ya mito miwili, umefungwa bendeji toka pajani. Nilikuwa nikimenya chungwa.

“Nilipokuja karakana,” akasema, “ulijua kwamba lile pezi litanipindua?”

Kwa kazi yangu yote nimejisifu kwamba hakuna nisilolijua kuhusu kipande kile cha plastiki na fibaglasi. Nimewaaibisha watu wazima mbele ya wake zao kwa jambo hilo. Nilitenganisha chungwa vipande, nikavipanga kwenye sahani vizuri, kimoja kimoja.

“Sikujua,” nikasema. “Nami nilikuwa nakisia tu.”

 Alinitazama, bila hasira na bila haraka, tangu viatuni mpaka usoni, kama nilivyokuwa nikimtazama Kocha. Kisha akaniomba nimsogezee sahani, akaanza kula.